Kikopo Hakirudi Kitupu

Jumatatu, 6 Novemba

Leo nimepewa daftari la kuandikia choo cha mwanangu. Tangu niache shule darasa la nne sijapewa daftari na mtu, na la kwanza kupewa ndilo hili.

Ilikuwa ukumbi wa mtaa, saa tatu asubuhi. Bi Warsiti, mke wa mwenyekiti, alituita kinamama wote wenye watoto chini ya miaka mitano. Tulidhani ni kupima uzito kama kila mwezi. Kumbe kuna mgeni, binti wa maabara ya mjini, anaitwa Kinasih. Miwani mikubwa, sauti ndogo. Amekuja na sanduku la barafu na vikopo vya plastiki ishirini na sita, kila mtoto chake, jina limeandikwa kwa kalamu nzuri. Kifuniko chekundu. Ndani kuna kijiko — kijiko kabisa. Jirani yangu Mama Tegar akaninong'oneza, "Hiki kikiingia kwenye vya sukari, shoga, tumekwisha."

Kinasih anasema wanatafuta kirusi. Siyo polio, ila ni binamu yake. Kinakaa tumboni kimya. Mtoto anacheza, anakula, haumwi popote. Ila katika watoto wengi, mmoja mmoja miguu hulegea. Wilaya ya jirani wamelegea wawili.  Nikamvuta Wening wangu nikampakata, nikamshika miguu yote miwili mpaka akasema mama unaniumiza.

Halafu akaeleza habari za bakteria. Wamo tumboni kwa kila mtu, wengi kuliko watu wa dunia, na siyo wabaya wote. Kirusi kikipita wanabadilika, hawa wanapungua, wale wanajaa. Nimeelewa hivi: ni kama mtaa uliopitiwa na mwizi. Mwizi kaondoka zamani, lakini tazama nyuso za watu, utajua. Na kila tumbo lina bakteria wake, hayafanani. Hilo nililiamini upesi. Sisi kazi yetu ni tempe, vipande vya soya iliyovundikwa, na kila mtu anajua soya ile ile ukiivundika kwa chachu ya jirani haitoki tempe ile ile.

Vikopo atavikusanya Alhamisi. Kwenye daftari tuandike kila siku: amekwenda, hajakwenda, kigumu, laini. Nilimwambia Kinasih langu limelowa, akanipa la pili. Halikulowa. Lile ni lao, hili ni langu. Yapo mambo sitaki wayasome.

Jumanne, 7 Novemba

Hajakwenda.

Jana hakwenda. Juzi sikumbuki. Nimempa papai asubuhi, papai mchana. Anakula vizuri, anaimba, tumbo laini kama unga. Lakini hajakwenda.

Mume wangu Giyono kaona kama ametukanwa. "Mtoto wa mtu wa tempe anakosaje choo? Watu watasema nini?" Nikamwambia watu hawana muda wa kusema habari za choo chetu. Saa hiyo hiyo Bi Warsiti akapita na kipaza sauti alichoazima kwa muuza tofu, jibini la soya la kukaanga. "Kinamama, Alhamisi ni kesho kutwa. Kinyesi kiwe kipya. Cha jana hakitapokelewa." Akabonyeza kuzima, akabonyeza kusiko, sauti ya muuza tofu ikaendelea yenyewe barabara nzima: moto moto, nje kikavu, ndani laini, ukionja kimoja utarudi.

Nimeshindwa kula jioni.

Jumatano, 8 Novemba

Hajakwenda. Sasa mtaa mzima unajua.

Mama wa jamu, dawa ya mitishamba, anayepita na chupa zake mgongoni, kanipa manjano na ukwaju bila kuombwa. Fundi baiskeli kauliza vipi, bado? Mama Tegar anasema wake ni mara mbili kwa siku, ungeweza kurekebishia saa. "Nikuazime?" anasema, anacheka. Tulicheka wote.

Jioni Giyono alichuchumaa mbele ya poti ili mtoto aone inavyofanywa. Akakaza uso, akaguna. Wening akamtazama kwa huruma. Mguno wake ulisikika mpaka kwa jirani, na jirani akauliza kama Baba Wening anaumwa.

Nilimuuliza Wening kwa upole, mwanangu, kwa nini hutaki? Akasema, "Wakichukua watarudisha lini?"

Nikasema mjini hawarudishi.

"Basi sitoi."

Ana miaka minne. Kwa nini hakurithi ubishi wa baba yake, ambaye hana.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimefanya jambo.

Alfajiri Wening alikuwa keshakwenda kwa Tegar, kama kila siku. Wanalala mbalimbali kwa sababu tu kuna ukuta. Saa kumi na mbili nikamleta nikamkalisha kwenye poti. Saa moja bado amekaa, ananiimbia. Nikamwachia akanyooshe miguu, wakakimbilia nyuma na Tegar, kwenye kibanda cha kuvundikia. Nikamwita tena, akakaa tena. Hakuna. Na kipaza sauti kishaanza: "Mama Wening, tunakungoja. Mama Wening wa tempe. Umebaki wewe."

Kinasih alisema wazi kwamba asiyepata arudishe kikopo kitupu, si kosa, atapewa siku nyingine. Alisema, nilimsikia. Lakini yeye ni mtu wa mjini. Mimi mama yangu alinichapa nikiwa na miaka saba kwa kurudisha sahani ya jirani tupu. Sahani ikija na wali, irudi na ndizi. Huna ndizi, weka chumvi. Huna chumvi, weka hata majani ya chai. Kumrudishia mtu chombo kitupu ni kumwambia kwangu hamna kitu, na moyoni pia hamna kitu. Na hiki kikopo kimetoka mjini, na kifuniko chake na kijiko chake. Nikirudishe chepesi mbele ya kinamama ishirini na tano wenye vizito?

Nikatoka nyuma, sijui nikitafuta nini. Na pale, nyuma ya mapipa ya kulowekea soya, juu ya jani la mgomba ambalo Giyono amelikata vizuri la kufungia tempe — kipo. Kipya, kina joto. Kimekaa katikati ya jani kama kimepakuliwa.

Tegar huyo. Nani mwingine? Mara mbili kwa siku, ungeweza kurekebishia saa. Wangu hajakwenda siku tano.

Nikachota kwa kijiko. Nikasema Bismillah. Halafu nikajuta kwamba nimesema Bismillah.

Ukumbini walinipigia makofi. Ishirini na sita kati ya ishirini na sita. Kinasih akakinyanyua kikopo kwenye mwanga, akasema, "Hii ni nzuri sana, mama." Toka nizaliwe sijasifiwa hadharani. Naomba Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ijumaa, 10 Novemba

Kwenye daftari lao nimeandika: amekwenda, laini. Mwandiko umetoka mbaya kuliko kawaida.

Mama Tegar kanipa bakuli la mchuzi wa fenesi. Nimelirudisha na tempe nne. Sikuweza kumtazama.

Jumapili, 19 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Soya haikauki. Wening ana mafua kidogo tu, miguu mizima, nimeipima kwa kumwambia amkimbize kuku.

Nimeanza kusahau. Nimeandika ili nikumbuke kwamba nimeanza kusahau.

Jumatatu, 27 Novemba

Kinasih amerudi.

Alitaka kuzungumza na kinamama wawili pembeni. Aliomba hivyo, tena mara mbili. Bi Warsiti akasema, "Pembeni ya nini, binti? Hapa sisi ndugu." Na kwa kuwa sauti yake haifiki hata safu ya pili, akamkabidhi kipaza sauti cha tofu.

Kwa hiyo tulisikia sote, na waliokuwa shambani pia. Vikopo viwili vina kirusi. Cha Tegar. Na cha Wening.

 Mama Tegar akapiga yowe dogo, akalimeza. Mimi sikupiga, maana kichwani nilikuwa nafanya hesabu nyingine: cha Wening si cha Wening. Kirusi ni cha Tegar, mara mbili. Mwanangu mzima. Nikashukuru, na shukrani yenyewe ikanigeuka papo hapo, kwa sababu mwanangu mzima nimejuaje? Hakupimwa. Kati ya watoto wote wa mtaa huu, wangu ndiye pekee ambaye hakuna anayejua.

Kinasih hakuwa amemaliza. Akasema cha ajabu ni bakteria. Bakteria wa hawa wawili wanafanana mno, hata ndugu wa baba mmoja mama mmoja hawafanani hivi. Akasema huenda maabara wamechanganya, ndiyo maana Jumamosi atakuja kuchukua tena, na atakayethibitika itabidi akae hospitali ya mjini wiki kadhaa, aangaliwe miguu. Maneno hayo ya mwisho nadhani tuliyasikia mimi na Mama Tegar tu. Wengine waliganda kwenye baba mmoja.

Saa hiyo hiyo Giyono akaingia na trei ya tempe ya kukaanga kwa ajili ya mgeni.

Wakamtazama. Wakamtazama Tegar. Wakamtazama tena yeye. Giyono akatabasamu, akasema karibuni bado ya moto.

Jumanne, 28 Novemba

Ni masikio. Wameamua ni masikio.

Nilikwenda kununua vitunguu nikawakuta watatu, wakabadili mazungumzo wakaanza kusifu vitunguu. Mmoja hakuweza kujizuia. "Mama Wening, mimi simo, lakini yale masikio ya Tegar yamesimama hivi. Na ya mumeo yamesimama hivi." Nikamwambia hata ya mbuzi wako yamesimama. Akasema, "Na mbuzi huyo babake anajulikana."

Baba Tegar yuko Kalimantan, ng'ambo ya bahari, kwenye mashamba ya michikichi, anarudi Idi hadi Idi. Mtaa mzima leo umekaa unahesabu Idi kwa vidole.

Bi Warsiti alikuja mchana, sauti ya kufariji wafiwa. Anasema sayansi haina uso wa kuona aibu. Anasema mwanamke mwenye busara huyamaliza ndani. Akaniletea chapati za mihogo. Sahani yake bado ninayo hapa, sijui nirudishe na nini kwa habari kama hizi.

Ningesema neno moja tu lingekwisha. Si cha Wening, nimekiokota. Nilifungua mdomo. Yakaja yale makofi ya siku ile, ishirini na sita kati ya ishirini na sita, nikaufunga.

Jumatano, 29 Novemba

Giyono hajalala. Anageuka kama tempe isiyoshika.

Asubuhi akasema, "Mama Wening, mwaka ule nilimbebea mtungi wa gesi."

Nikasema nani.

"Mama Tegar. Nikaupeleka mpaka jikoni."

"Halafu?"

"Halafu nikatoka." Akafikiri sana. "Nadhani nilitoka."

Mume wangu ni mtu ambaye akiambiwa amekanyaga mtu, anaomba radhi kwanza ndipo anatazama chini. Sasa sayansi imemwambia ana mtoto, naye anajitafuta dhambi mifukoni kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Mchana Mama Tegar alikuja ukutani. Siyo mlangoni, ukutani, ambapo huwa tunapeana mboga. Macho yamevimba. Mumewe amepiga simu. Mtu kamtumia habari, hajui nani. Anataka picha ya masikio ya mtoto, upande wa kulia na upande wa kushoto, yasifunikwe na nywele.

"Umemtumia?"

"Nimetuma. Sasa amenyamaza. Toka saa nne amenyamaza." Akashika ukuta. "Mama Wening, wewe ndiye wa kunitukana, na wewe peke yako hujanitukana. Kwa nini?"

Nikasema ninakuamini.

Ni kweli namwamini. Lakini sikumwamini kwa wema, nilimwamini kwa sababu najua. Hiyo si imani, ni woga uliovaa kanga nzuri.

Alhamisi, 30 Novemba

Wening anachechemea.

Nimeliona kutoka jikoni. Mguu wa kulia unaburuta. Nikadondosha ungo, soya zikamwagika zote, nikakimbia nikamnyanyua, nikauminya mguu, nikauliza unasikia hapa, unasikia hapa? Mguu umelala mkononi mwangu kama kitambaa. Sijui nilisema nini. Najua nilisema jina la Mungu na jina la mama yangu.

Ndipo Tegar akatokea na gome la mgomba limefungwa kichwani. "Mshushe, mama. Bado sijamtibu."

Walikuwa wanacheza. Tegar daktari, Wening mgonjwa wa miguu. Baadaye wanabadilishana. Kutwa nzima wamekuwa wakilegea kwa zamu.

Nikakaa chini kwenye soya. Nililia mpaka Tegar akanipima joto la goti.

Jioni nikamwambia Giyono yote. Kikopo, jani, kijiko. Alinisikiliza amesimama na chombo cha chachu mkononi. Mwisho akauliza taratibu, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe."

Akaketi. "Alhamdulillah. Nilishaanza kukumbuka."

Hakunigombeza. Akasema tu, ulichonifanyia mimi nimekusamehe, mimi ni wako. Ila yule mwanamke kule ana mume Kalimantan. Na mwanetu hakupimwa. Kesho usiandike, nenda ukaseme.

Ijumaa, 1 Desemba

Nimesema. Na sasa mambo ni mabaya kuliko kabla ya kusema.

Nilikwenda mlangoni safari hii. Nikamweleza Mama Tegar nimesimama. Nilingoja anipige au acheke. Hakufanya hata kimoja. Alikaa na kijiko cha wali hewani.

"Uliokota wapi?"

"Kibandani. Kwenye jani."

"Ulimwona Tegar akikitoa?"

Nikasema sikumwona, lakini nani mwingine, wangu alikuwa hajakwenda siku tano.

Akaweka kijiko chini. "Mama Wening. Wako anakwenda kila siku. Anakwenda hapa kwangu. Kila alfajiri anaingia, anatumia poti ya Tegar, ananiambia usimwambie mama, mama anawapa watu wa mjini. Mimi nilidhani unajua, nikadhani ni mzaha wenu."



Halafu akaniambia la kwake. Alhamisi ile alipoamka alikuta poti ina kitu. Tegar amelala. Akafikiri ameamka, amekwenda, amerudi kulala. Alijiuliza kidogo tu, kipaza sauti kikaanza kuita, akachota.

Tukatazamana. Alfajiri ile Wening alikuwa amekuja, kama kila alfajiri.

Kwa hiyo ni tumbo moja, kweli, bakteria hawakukosea. Vikopo viwili, tumbo moja. Ama vyote viwili ni vya Tegar. Ama vyote viwili ni vya Wening. Nilikuwa nikidhani nimeiba kinyesi cha mtoto wa watu. Huenda nilijiibia mwenyewe.

Tukawaita. Tukawaketisha. Nikauliza bila kukunja uso, kile cha kwenye jani kilikuwa cha nani?

"Changu," akasema Tegar.

"Changu," akasema Wening.

Na cha kwenye poti?

"Changu." Wote wawili, kwa pamoja. Kinasih aliwapa watoto walioleta vikopo stika ya nyota, na sasa kila mmoja anadai nyota mbili. Tegar akaeleza jani lilivyokuwa. Wening akaeleza vizuri zaidi, mpaka kona iliyochanika. Tegar akamvuta nywele. Wakaanza kupigana, mtoto wangu na wake, kila mmoja akililia kirusi.

Nikampigia Kinasih, namba imo kwenye jalada la daftari lao. Nilisema yote kwa pumzi moja ili nisipate nafasi ya kunyamaza.   Halafu akauliza jani lilikuwa safi? Nikasema ni jani la tempe, limekaa kwenye kibanda, chachu yetu ipo kila mahali. Akatoa pumzi. "Ndiyo maana. Wiki mbili tunatafuta ule ukungu katika kikopo cha Wening umetoka ugonjwa gani." Hakunikaripia. Akasema kesho anakuja mwenyewe, na atakaa hapo hapo mpaka atakapoona kwa macho yake nani katoa nini.

Bi Warsiti alipopata habari akatangaza. Nilimwomba asitangaze, akasema jina la mtu limechafuliwa kwa kipaza sauti, lisafishwe kwa kipaza sauti. "Baba Wening hana kosa. Narudia, Baba Wening hana kosa. Ni Mama Wening aliyeokota." Mara tatu, mpaka daraja la kule chini. Giyono alisimama mlangoni amenyoosha mgongo, anapokea.

Mama Tegar amerekodi tangazo lote kwenye simu, amelituma Kalimantan. Mumewe amejibu. Anauliza kama mtoto anatembea vizuri.

Jumamosi, 2 Desemba

Naandika nimekaa juu ya ndoo, uani kwa Mama Tegar. Saa nne kasoro. 

Poti mbili, ya bluu na ya njano, kiasi cha hatua tatu. Tegar kwenye bluu. Wening kwenye njano. Kinasih kwenye kigoda katikati yao, amenyoosha mgongo kama refa. Vikopo viwili magotini mwake, majina mapya. Bi Warsiti ameambiwa asije na kipaza sauti. Amekuja nacho, ila amekizima. Kinamama wamejaa kwenye uzio. Nasikia wengine wanabishana nani ataanza. Wengi wako upande wa Tegar.

Tegar ana sifa zake za saa, lakini leo watu wanamtazama na saa imegoma.

Wening alimuuliza Kinasih kama watarudisha. Nikafumba macho. Kinasih akamwambia hapana, hatutarudisha, lakini tunataka kujua kama tumboni mwako kuna mgeni. Wening akafikiri. Akauliza mgeni wa nani. Kinasih akasema hilo ndilo hatujui bado. Basi akakaa. Kumbe mtoto alitaka kuambiwa tu.

Miguu yake haigusi chini. Anaichezesha. Naitazama.

Nimejaribu kuomba dua. Nimeanza, Mola wangu, kirusi kisiwe cha Wening. Nikakwama hapo hapo, maana ni vikopo viwili na tumbo moja. Nikisema kisiwe cha huyu, nimekwisha kusema kiwe cha yule. Na yule nimemsafisha pua tangu hajajua kusimama. Jana tu alinipima joto la goti. Nimeanza upya: kisiwe cha yeyote. Lakini kipo. Wamekiona. Naomba kitu ambacho hata mimi mwenye darasa la nne najua hakiwezekani.

Mama Tegar amekaa kwenye ndoo ya pili. Tumeshikana mikono tangu saa tatu, naandika kwa wa kulia. Midomo yake inacheza. Nimemuuliza unaomba nini.

"Hakuna," amesema. "Na wewe?"

Nimesema hakuna.

Amenibana vidole. Nami nimembana. Kiganja chake kimelowa, au changu.

Uzioni wameacha kubishana. Wening ameacha kuchezesha miguu. Amekunja uso, amekaza shingo, anatazama mbele kama baba yake siku ile. Tegar amemwona, naye amekunja. Wote wawili. Kinasih amesimama, anavaa glovu, anageuka huku, anageuka huku, hajui aanze na —

Mama Tegar ameniachia mkono.